Nafasi na Mahali

Aghalabu husemwa kwamba ardhi ni ardhi, na kwamba aliyeondolewa hapa akapewa eneo la ukubwa uleule kwingine hajapoteza kitu. Je, usemi huu ni wa haki? Wanajiografia wanaochunguza maisha ya binadamu wamelitafutia swali hili jibu katika mawazo ya wanafalsafa, nasi walimu wa lugha tuna sababu ya kuwasikiliza.

Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliiona nafasi kama chombo: chenyewe kipo hata kikiwa kitupu, na vitu hukaa ndani yake. Leibniz alimpinga. Kwake yeye nafasi ni utaratibu wa uhusiano baina ya vitu. Vitu visipokuwapo, nayo haipo. Wapimaji wa ardhi huelekea kwa Newton, maana chombo hupimika na kugawika.

Yi-Fu Tuan, mwanajiografia aliyezaliwa China na kufundisha Marekani, alitoa mwaka 1977 kitabu juu ya nafasi na mahali. Alijifunza kwa wanafalsafa waliochunguza jinsi ulimwengu unavyomdhihirikia yule anayeishi ndani yake. Kwa maoni yake, nafasi tusiyoijua hugeuka kuwa mahali kadiri tunavyoizoea na kuipa thamani. Basi mahali hapapimwi kwa ekari peke yake.

Tuutazame msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 1991 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, gorila wa milimani walindwe, na Watwa waliokuwa wakiutegemea wakaondolewa. Kwenye ramani lilikuwa eneo la zaidi ya kilomita za mraba 300. Kwa Watwa palikuwa mahali pa asali, pa dawa, na pa kuwakumbuka wahenga wao. Mwaka 2013 walipeleka madai yao katika Mahakama ya Katiba. Kuwalinda wanyama ni jambo jema, lakini jema hilo halifuti hasara ya waliohamishwa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kupenda mahali ni kupatia kufuli. Doreen Massey, mwanajiografia wa Uingereza, alionya mwaka 1991 kwamba mahali si boma lililofungwa. Akiutazama mtaa wa Kilburn, London, aliona kuwa mahali hufanywa na njia za watu wengi zinazokutana hapo. Wazo ambalo lina undugu na lile la Leibniz. Wazee wetu nao walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo, mapenzi ya mwenyeji hayampi idhini ya kumfukuza mgeni, wala uzuri wa mpango haumpi mwenye ramani idhini ya kumfukuza mwenyeji.

Kiswahili chatusaidia kuyafundisha haya. Msituni pana watu, msituni kuna watu, msituni mna watu: sentensi tatu, na kila moja yatazama kwa namna yake. Pa- huonyesha mahali dhahiri, ku- mahali pasipo dhahiri, mu- mahali pa ndani. Asemaye "mna watu" amekwisha kukiri kwamba eneo lile lina undani, na undani huo una wenyewe. Naam, kila atakaye kuwahamisha watu, kabla ya kuuliza eneo lina ukubwa gani, hana budi kuuliza: humo mna nini, na mna nani? Na jibu alipate kwa wenyewe.