Mjumbe Asiye na Funguo

Waliosema mjumbe hauawi hawakuwa wanamwonea huruma tu. Walikuwa wanatoa hukumu: neno alilolileta si lake, ni la aliyemtuma, naye hana uwezo wa kulitekeleza wala kulitangua. Kinga yake inatokana na udogo wa madaraka yake. Tarishi anayebeba barua huku mfukoni ana funguo za ghala, za kasha la fedha na za chumba cha mwenye nyumba hawezi tena kujitetea kwa kusema, “Nimetumwa.” Suala hili la kale limeibuka upya kwenye seva za foleni za ujumbe, yaani programu zinazopokea taarifa kutoka programu moja, zikazipanga kwa zamu, kisha zikazifikisha kwa nyingine. Ninashikilia kwamba programu ya aina hiyo lazima iwe na utambulisho wake yenyewe na ruhusa chache kabisa. Sababu ya kwanza ni ya maadili, ufundi unafuata: pasipo hivyo, jambo likiharibika hatujui nani wa kuulizwa.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, kila mchakato huendeshwa kwa jina la mtumiaji fulani, na mtumiaji mwenye namba 0 kwa kawaida hazuiwi na chochote. Kwa miaka mingi tarishi wa barua pepe aitwaye Sendmail alifanya kazi akiwa na uwezo wa namba hiyo. Tarehe 2 Novemba 1988, programu ya kujinakili ya mwanafunzi Robert Morris ilipoenea kwenye intaneti, mojawapo ya njia zake ilikuwa Sendmail: mahali pa anwani ya mpokeaji paliandikwa amri, na tarishi akaitii. Mtaalamu wa kompyuta Daniel J. Bernstein, alipotengeneza qmail, programu nyingine ya barua pepe, aliigawa kazi hiyohiyo kwa watumiaji kadhaa wasioaminiana, mmoja wa kupokea, mwingine wa kutunza foleni, mwingine wa kupeleka mbali. RabbitMQ, seva ya foleni iliyoanza mwaka 2007, kwa kawaida huendeshwa kwenye Linux na mtumiaji aitwaye rabbitmq, asiye na kazi nyingine yoyote. Faili lake la siri, linaloziwezesha seva za kundi moja kutambuana, likiwa na ruhusa ya kusomwa na mtu mwingine, seva hugoma kuwaka.

Kuna atakayesema haya ni maneno ya mafumbo tu, kwamba mchakato hauna nia, na kisicho na nia hakina utambulisho. Nakubali nusu yake. Katika Sura ya al-Ahzab, aya ya 72, amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuibeba, akaibeba mwanadamu. Seva iko upande wa milima. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu: kwa kuwa chombo hakiwezi kubeba amana, tunakipa jina ili aliyeibeba asipotee nyuma yake. Katika RabbitMQ, mtumaji akiandika kwenye ujumbe kwamba umetoka kwa fulani, seva hulilinganisha jina hilo na la mtumiaji aliyeingia; yakitofautiana, kwa kawaida hukataa na kuifunga njia. Mashine haijawa na dhamiri kwa kufanya hivyo. Imezuia tu mtu kusema kwa kinywa cha mwenzake.

Pingamizi zito zaidi ni la mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy, aliyeandika mwaka 1988 kuhusu naibu aliyechanganyikiwa. Naibu huyo, programu ya kutafsiri msimbo, alikuwa na haki ya kuandika kwenye saraka ya mfumo, ambamo pia mlikuwa na faili la hesabu za wateja. Mtumiaji akamwomba aandike matokeo yake juu ya faili hilo. Mtumiaji hakuwa na ruhusa. Naibu alikuwa nayo, akaandika, hesabu zikafutika. Kumbe hata mwenye utambulisho wake anaweza kutumiwa. Ni kweli, na ndiyo maana jina pekee halitoshi. Kila ombi lije na mamlaka ya mwombaji. RabbitMQ hutenganisha ruhusa tatu, ya kuunda au kufuta, ya kuandika na ya kusoma, na kila mtumiaji hupimwa kwa zake. Hardy hakutufundisha tumrudishie tarishi funguo zote. Alitufundisha tumuulize kila mara anazitumia kwa niaba ya nani.

Wanaolalamika kwamba mpangilio huu unachelewesha kazi wanasema kweli, na najua usiku wa manane kishawishi cha kufungua kila mlango ni kikubwa. Lakini anayeiwasha seva kwa namba 0 amechukua juu yake kila itakalofanya, hata lile asiloliagiza. Wewe unayesimamia seva ya namna hiyo, angalia leo mchakato wake unaendeshwa kwa jina la nani.