Siku ya Malipo

Wanangu mnaotoka nyumba za soba, na nyinyi mnaokunywa dawa ya methadoni kila siku pale hospitali ya Kidongo Chekundu, Zanzibar, leo nataka tuzungumze habari ya pesa.

Alosto, ile adha ya mwili kukosa heroini, mmeishinda. Mifupa huuma, tumbo huharisha, usingizi hukimbia, kisha baada ya wiki moja hivi mwili hutulia. Kinachobaki ni siku tupu. Teja alikuwa na shughuli kutwa: kusaka pesa, kusaka kete ya unga, kubwia, kuanza upya. Akiacha unga, shughuli yote inakwisha, na saa kumi jioni inamkuta hana pa kwenda ila maskani. Ndiyo maana huko soba mnafundishwa kuamka mapema, kupika kwa zamu na kusema mbele ya wenzenu lililo moyoni. Wapo wanaoona ni mambo ya kitoto. Aliyeanza unga akiwa kijana mdogo hakupata wasaa wa kujifunza hayo, na si aibu kujifunza na ndevu zake.

Mnafundishwa pia cherehani, useremala, kuchomelea vyuma. Vyema sana. Lakini walimu wenu nao wanisikie: fundi aliyetoka kwenye unga yumo hatarini zaidi siku ya malipo kuliko siku ya kukosa. Miaka yote hiyo, noti mkononi ilikuwa na kazi moja tu, na mwili haujasahau. Basi jipangeni kabla. Miezi ya mwanzo, mwombeni bosi atume malipo kwenye simu ya mama au dada mnayemwamini. Kodi, chakula na nauli vitoke kwanza. Siku hiyo msipite njia ya zamani hata kama ndiyo fupi, wala msishike pesa mkiwa na njaa, hasira au uchovu. Dada kukushikia pesa si kukudhalilisha. Wewe ndiye uliyeamua, na ni kwa muda.

Ukikutana na mwenzio wa maskani, msalimie huku unatembea. Ukisimama kumweleza kwa nini umeacha, mmeshaanza kupatana bei.

Wanaowacheka wanywaji wa methadoni hawajui wasemalo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011. Kwa kawaida dozi hunywewa mbele ya mhudumu, alosto haiji, na mtu anakwenda kazini badala ya kusaka kete.

La mwisho ni zito. Mwili uliopumzika hauhimili tena dozi ya zamani. Kete aliyoizoea mtu kabla ya kuacha inaweza kumuua siku anayorudia, hasa akijifungia peke yake. Kwa hiyo anayeteleza aseme siku hiyohiyo, asingoje kesho. Nanyi wazazi, mwanenu akija kuwaambia ameteleza, msimfukuze. Kaeni naye usiku huo, asubuhi mpelekeni kliniki.