Wema na Deni

Kiswahili chetu kina busara ya kutenganisha maisha mazuri na maisha mema. Mazuri huonekana kwa macho: nyumba, mavazi, karamu. Mema hayajulikani mpaka aulizwe jirani. Wengi wetu huyakimbilia ya kwanza, tukadhani tumekwisha kuyapata ya pili.

Huku kwetu mwambaoni, Tanga hadi Pangani, Mwislamu anapozikwa husikika maneno mawili. Waliohudhuria huulizwa walimjuaje marehemu, nao hujibu kuwa alikuwa mtu mwema. Kisha jamaa hutangaza: anayemdai na ajitokeze. Neno la kwanza ni la ihsani. Nani atasema kinyume mbele ya jeneza? La pili ndilo mizani. Hata mirathi haigawanywi mpaka madeni yalipwe.

Lakini, msomaji, yapo madeni ambayo mdai wake hafiki makaburini. Tanga yetu ilineemeka kwa mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Wengi wa waliokata majani yake walitoka mbali, bara na hata ng'ambo ya Ruvuma, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikwa kwa namba. Kipande kilipojaa, ujira ulitolewa na hesabu ikafungwa. Je, deni nalo lilikwisha? Mtu aliyeacha kwao, akapoteza hata jina lake katika daftari, hulipwa kwa shilingi ngapi?

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa karani kwa sehemu kubwa ya umri wake. Hata hivyo, katika Utubora Mkulima alimtoa shujaa wake katika mshahara wa mjini, akampa jembe. Wapo waisomao hadithi hiyo kama sifa ya shamba tu. Mimi huisoma kama swali: nani anachoka ili mimi nipumzike? Jina la Utubora limeunganisha utu na ubora, na namba haina utu.

Basi maisha mema hayatoshi kuwa usafi wa mtu na nafsi yake. Asiyeiba wala kusema uongo bado aweza kuishi juu ya mabega ya watu asiowajua. Wema ni kuyajua majina ya wanaotubeba, mpishi, kuli, mvuvi na mkata mkonge, na kuwalipa haki na heshima wakiwa hai, mikono yao ingali yaweza kupokea. Tangazo la makaburini ni la waliochelewa.