Funga Pesa Mkononi Kabla ya Safari

Somo: Kumbukumbu la Torati 14:22–27, Luka 2:41–44

Mwambie jirani yako, "Krismasi inakuja." Sasa mwulize, "Nauli unayo?" Naona wengine wameangalia chini. Nimeamua kuhubiri hili mwezi huu wa Oktoba kwa sababu nikingoja Desemba nitakuwa nahubiria watu ambao tayari wako kwa deni.

Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Mungu aliwaagiza Israeli watenge sehemu ya kumi ya mazao yao, pamoja na wazaliwa wa kwanza wa mifugo, waende wakale mbele zake mahali atakapochagua. Lakini alijua kuna mtu anayeishi mbali, ambaye hawezi kubeba magunia na kuswaga ng'ombe njia yote hiyo. Huyo aliambiwa auze, afunge pesa mkononi mwake, asafiri, na akifika anunue chochote roho yake inatamani, ale na kufurahi pamoja na jamaa yake. (Ndiyo, mvinyo pia umetajwa pale. Hiyo tutaongea siku nyingine.) Na Mlawi asisahauliwe.

Sisemi uchukue fungu lako la kumi ukakate tiketi ya basi! Mweka hazina wa kanisa atanijia juu. Nataka uone mpangilio tu. Safari ya sikukuu haikuanza siku ya kufunga mizigo. Ilianza shambani wakati wa mavuno, mtu anapohesabu na kuweka kando. Pesa ilifungwa kabla mguu haujatoka mlangoni. Tena furaha yenyewe ilikuwa ndani ya hesabu. Kwa hivyo mtu asitoke hapa aseme pasta amekataza watu kwenda nyumbani. Nendeni. Wazazi wetu wanazeeka, na watoto wetu hawajui hata jina la mto wa kwao.

Sasa tazama Yusufu na Mariamu. Mtoto alipotolewa hekaluni, sadaka yao ilikuwa ya ndege wawili, sadaka ambayo torati iliruhusu kwa mtu asiyeweza kupata mwana-kondoo. Walikuwa watu wa hali ya chini. Lakini Luka anasema walipanda kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka, na kutoka Nazareti ni zaidi ya kilomita 100, kwa miguu. Waliwezaje? Luka hatupi bajeti yao, ila ametuachia kitu kimoja: walisafiri kwa msafara, pamoja na jamaa na marafiki. Hakuna mahali tunasoma kwamba Yusufu alikopa punda wa kifahari ili Nazareti waone kwamba useremala unalipa.

Hapo ndipo penye shida yetu, wapendwa. Wengi wetu hatufilisiwi na nauli. Tunafilisiwa na kuonekana.

Niwape ushuhuda wangu, na si wa kujivunia. Miaka mingi iliyopita, kabla sijaingia katika huduma, nilikuwa nauza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Nairobi. Desemba hiyo nilikuwa na pesa ya nauli na kidogo ya kununua sukari. Basi. Lakini nikajiambia, mtu wa Nairobi anafikaje na mfuko mmoja? Nikakopa. Nikafika nyumbani na katoni mbili, nikanunua mbuzi, wazee wakija langoni nikawagawia noti za 200. Nilibarikiwa kwa Kiluhya mpaka nikalia. Mke wangu hakujua pesa ilitoka wapi. Aliponiuliza, nilimwambia bosi ametupa bonasi.

Januari ikafika. Kijana wangu wa kwanza alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akakaa wiki mbili akiangalia wenzake wakipita na sare. Habari zikafika kwa mama yangu, na sikuwa nimemwambia mimi. Mama akauza ndama wake wa pekee, akatuma pesa ya karo. Nilipompigia simu kumshukuru, akaniambia, "Mwanangu, yule mbuzi alikuwa mtamu. Lakini ungekuja mkono mtupu ningekupikia kunde, na ndama wangu angekuwa zizini."

Ndugu zangu, mimi nilimlisha mama yangu mbuzi, nikamla ndama. Na nilimdanganya mke wangu ili nisifiwe na wazee ambao kufikia Februari walikuwa wamesahau.

Kwa hivyo leo tuhesabu, na tuhesabu mbele za Mungu bila aibu. Zimebaki wiki 11. Chukua familia ya watu watano inayoenda Kakamega, mtoto mdogo akipakatwa, kwa hiyo viti vinne. Usiandike nauli ya leo. Andika ya wiki ya Krismasi, kwa sababu unajua makanga akiona umati pale Country Bus atasema nini. Tuseme 2,500 kila kiti: hiyo ni 10,000. Na kurudi? Hapa ndipo watu huanguka. Kila Januari simu yangu hulia: "Pasta, tumekwama huku, nitumie nauli." Yesu alisema juu ya mjenzi aliyeweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Mtu aliyefika nyumbani akashindwa kurudi ni ndugu yake kabisa. Weka 8,000 ya kurudi. Ongeza 6,000 ya unga, sukari, majani na mafuta. 3,000 ya mama na sadaka ya kanisa la nyumbani. 3,000 ya dharura, yaani boda kutoka barabarani hadi bomani, chai ya Nakuru, mtoto akipata homa. Na 3,000 ya kuku na soda, kwa sababu tumesema furaha iko ndani ya hesabu. Jumla ni 33,000. Gawa kwa wiki 11, ni 3,000 kila wiki.

Nimeona nyuso zenu. Wengi hapa hamuwezi kuweka 3,000 kwa wiki, na kodi ya nyumba iko palepale. Basi usilazimishe. Karo ya Januari itolewe kwanza, iwekwe mahali ambapo kidole chako hakifiki kwa urahisi usiku wa manane. Kinachobaki ndicho cha safari. Kama ni kidogo, mama na watoto watangulie shule zikifungwa, kabla nauli haijapanda, na baba afuate peke yake. Au nendeni Aprili. Mlawi hata Aprili anakula. Au mwaka huu tuma 3,000 kwa simu na ubaki, na usiite kubaki kwako laana. Lakini mkopo wa simu wa kununua mbuzi, huo hapana. Unalala, ada inatembea.

Tena hesabu hii ifanywe na wawili. Baba, toa karatasi mezani, mama watoto aone kila kitu. Mama, na wewe pesa ya chama usiifiche. Kama ningefanya hivyo mwaka ule, mke wangu angenizuia pale pale mezani.

Wale mnaoelekea magharibi, bakini kidogo baada ya ibada tuone kama tuko wa kutosha kukodisha gari moja, tusafiri kama ule msafara wa Nazareti. Watu wa Ukambani wataonana na mzee wa kanisa pale mlangoni.

Na wiki hii, kila mtu apige simu nyumbani aseme ukweli mapema. Mimi nilimpigia mama Jumatano. Nilimwambia mwaka huu tunakuja na kilo nne za sukari, na mbuzi hakuna. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza watoto wanaokuja ni wangapi, ajue atapanda kunde kiasi gani.