Insafu kwa Mtu Mwema Asiyekuwa wa Dini Yetu

Katika darasa letu liliulizwa suali hili: Je, yafaa Mwislamu kumtaja kwa kheri mtu aliyekufa ambaye hakuwa wa dini yetu, na kuyafanya maisha yake kuwa funzo? Wako waliosema haifai, kwa kuwa kumsifu yeye ni kuisifu dini yake. Nasi twaona suali hili lataka kujibiwa kwa insafu, si kwa hamaki.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Maida tusiuache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Ikiwa uadilifu ni wajibu hata kwa adui, seuze kwa jirani asiyetudhuru? Na Mtume wetu (s.a.w.) alipoona masahaba wake wanateswa Makka, aliwaelekeza Uhabeshi kwa Najashi, mfalme wa Kinasara, kwa kuwa katika nchi yake hadhulumiwi mtu. Huko kulikuwa ni kumsifu mtu kwa uadilifu wake, wala hakukuwa kuiacha Tauhidi.

Na tutazame mfano wa karibu. Katika nchi ya Embu, chini ya Mlima Kenya, alizaliwa mwaka 1920 Bwana Jeremiah Nyagah. Alisoma Alliance na Makerere, akawa mwalimu. Mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi ule ule uliomwingiza Bwana Francis Khamisi wa Mombasa. Baada ya uhuru alikuwa waziri katika serikali ya Kenyatta na ya Moi, na katika miaka ya 1970 alishika Wizara ya Kilimo. Mwaka 1992, baada ya miaka 34 tangu achaguliwe mara ya kwanza, aliiacha siasa. Akafariki mwaka 2008. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Anglikana aliyeishika dini yake, na mume wa Bibi Eunice. Watoto wao walisomeshwa. Wawili wa kiume wakaingia Bunge, na binti akawa balozi.

Twapata hapa mafunzo mawili. La kwanza, cheo ni amana, na mwenye amana hujua siku ya kuirudisha; wengi hukishika mpaka kiwatupe. La pili, kazi ya umma haimwondolei mtu wajibu wa nyumba yake. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mbora wetu ni yule aliye mbora kwa watu wake. Wangapi kwetu hukaa barazani wakizungumza khabari za mataifa hata adhana ya adhuhuri, ilhali karo ya mtoto haijalipwa? Na wangapi hufanya kazi usiku na mchana, lakini watoto wao huwajua kwa pesa tu?

Atasema mtu: amali bila ya imani yetu yafaa nini? Twamjibu: hukumu ya Akhera si yetu, ni ya Mola wetu, sisi tumeulizwa juu ya yale yaliyoonekana duniani. Wala hatusemi kuwa hakuwa na ila. Mtu aliyekaa katika siasa miaka mingi hakosi wa kumlaumu. Lakini kulichukua jema la mtu si kuyabeba yote aliyoyatenda, na kulificha jema hilo kwa ajili ya dini yake ni dhulma.

Ndugu zetu, hapana aibu kumtaja kwa kheri mtu wa Embu. Aibu ni kumtaja kwa sifa ambazo dini yetu imetuamrisha tuwe nazo, kisha tukazitafuta majumbani mwetu tusizione. Kusimama kwa ajili ya wake zetu na watoto wetu, kula jasho letu, na kurudisha amana, haya tuliambiwa sisi kabla ya kuyaona kwa jirani. Basi kila baba na ajiulize usiku wa leo: akifa, mkewe na wanawe watamshuhudia kwa lipi?

Wallahu aalam.