Nani Aseme Inatosha?

Kampuni ndogo ya programu ikikataa fedha za wawekezaji, watu wa biashara huuliza itakua kwa kasi gani. Mimi naona lipo swali zito zaidi, nalo ni la maadili: nani atabaki na haki ya kusema sasa inatosha? Mfuko wa uwekezaji kwa kawaida hupewa umri wa miaka kama 10, kisha lazima uwarudishie wenye mali chao pamoja na faida. Kwa kuwa kampuni nyingi zilizotiwa fedha hizo hazifiki mbali, chache zinazosimama hutakiwa kufidia hasara ya zote. Kwa hiyo kampuni yenye wateja walioridhika na mapato ya kulipa mishahara bila wasiwasi, ikiwa haikui kwa kasi, huhesabiwa imeshindwa. Mwanzilishi wake hawezi kukinai hata akitaka, maana haki hiyo ameshaiuza pamoja na hisa.

Mwislamu ana hoja nzito ya kunijibu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikwenda Sham kufanya biashara kwa mali ya Bi Khadija, na wanafikihi wamehalalisha mudharaba, ambapo mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, na faida wakagawana. Nakubali kabisa: mtaji wa mtu mwingine hauna najisi. Ila tuutazame mkataba wenyewe. Msafara ulikwenda ukarudi, bidhaa zikauzwa, hesabu ikafungwa. Hisa za leo hazina msafara unaorudi. Mwenye nazo hukaa na kura yake mpaka kampuni iuzwe au iingie soko la hisa, na muda wote huo anadai ikue.

Wengine watasema kujitegemea ni anasa ya waliojaliwa. Ni kweli kwa sehemu. Ben Chestnut na Dan Kurzius walipoanzisha kampuni ya programu ya Mailchimp huko Atlanta mwaka 2001, tayari walikuwa na ofisi ya kutengeneza tovuti iliyowalisha. Asiye na akiba wala wateja halaumiwi akipokea mkono wa mwekezaji, mradi ajue anachokitoa. Lakini programu haihitaji kiwanda, na malipo ya mteja wa kwanza yanaweza kugharimia kazi ya wa pili. Mteja naye huamrisha, ila amri yake inahusu kazi yenyewe: kitu kifanye nilichokilipia.

Pingamizi linaloniuma zaidi linatoka kwa Mailchimp hiyohiyo. Mwaka 2021 iliuzwa kwa kampuni ya Intuit kwa takriban dola bilioni 12, bila kuwahi kupokea mtaji wa nje, na wafanyakazi wake hawakuwa na hisa. Wenye kampuni walikuwa huru kuamua kipi kinatosha, wakaamua peke yao. Uhuru wa namna hiyo una kasoro, na mudharaba inaionyesha wazi, kwa sababu humo mwenye jasho ni mshirika mwenye fungu lake katika faida. Kampuni isiyo na mwekezaji haiwezi kudai kwamba kuna mtu aliyeizuia kumpa fungu hilo.