Rugaruga wa Udongo
Aliponijia hapa Shinyanga kijana mmoja wa Geita, mkononi ana rugaruga wa udongo, kimo cha kidole, yaani askari wa Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, akaniuliza iwapo ni halali kumtia rangi na kumweka rafuni, nilikumbuka kwamba wanazuoni wengi wameharimisha sanamu za wenye roho, ilhali Bibi Aisha, kwa mujibu wa hadithi, alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa, na Mtume akacheka. Sikumkataza. Nguo yake, nikamwambia, ipake nyekundu. Ikikauka, pitisha nyeusi nyepesi, iingie mikunjoni. Shaka yangu haimo katika udongo: Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliteka vijiji, na rafu humtukuza mtekaji pasi na kuwataja waliotekwa. Basi, ewe mfinyanzi, mfinyangie na mateka wake.